Kiti cha Kimo Chako

Tarehe 9 Machi. Miaka sita na miezi miwili tangu nikuache mlangoni.

Mama watoto,

Mimi mzima. Kikohozi kimeisha, kwa sababu kazi ya kiwanda cha saruji niliiacha Oktoba. Nilikuficha, niliogopa utasema nimerukwa na akili.

Sasa najifunza useremala kwa mzee mmoja mwenye maneno. Sheria yake: ukimaliza kiti, ukikalie mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Changu cha kwanza kiliniangusha mimi na sahani.

“Bwana Saruji,” akacheka, “hicho ulimtengenezea adui yako?”

Cha juzi kimenibeba mpaka nikashiba. Miaka yote ile ya kubeba mifuko, sikuwahi kumwonyesha mtu kitu nikasema hiki nimekifanya mimi.

Nataka kutengeneza chako. Nimejaribu kukumbuka urefu wa goti lako, nikashindwa, machozi yakanitoka mbele ya mzee. Chukua uzi, pima toka sakafuni mpaka nyuma ya goti, uutie kwenye bahasha. Kama umenikasirikia, usiandike neno, tuma uzi tu.

Nitakuja nacho mwezi wa nane, nikikibeba mwenyewe.

Mumeo