Nilialika Kanisa Zima kwa Siku Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi kuliko wiki iliyopita, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mimi ni mjane, fundi cherehani, na kijana wangu wa pekee anamwoa binti wa familia ya Kihindi, binti mwenye adabu zake na ninampenda, kwa hiyo usidhani nimekuja kumsengenya mkwe. Tatizo ni mdomo wangu.

Waliponiambia kwamba kwao harusi ni siku nne, siku ya hina, siku ya nyimbo, siku ya ndoa yenyewe na siku ya tafrija, niliona nikikaa kimya watadhani mwanangu ametoka nyumba ya njaa, nikasema sisi upande wa bwana harusi tutabeba siku mbili za kwanza, na Jumapili ileile mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani nikasimama, nikashukuru, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa nikawakaribisha waumini wote, siku zote nne, pamoja na watoto wao.

Basi nikaanza kuhangaika na ukumbi, viti na mpishi, na kila ninapogusa naulizwa mnatarajia watu wangapi, nami sijui, na akiba yangu yote haikufikia hata bei ya ukumbi wa siku ya hina. Nikapata mnunuzi wa vyerehani vyangu viwili, cha kushonea na cha kudarizia, ambavyo ndivyo vilivyomsomesha huyo bwana harusi, akasema atakuja kuvichukua Jumamosi hii. Nikipiga magoti kusali, maneno hayaji, zinakuja bei za viti.

Juzi mama wa binti akaja kibandani kwangu kupimwa gauni. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Ninamzungushia futi kiunoni, akaniuliza:

"Mkwe, wageni wenu wangapi?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Mpishi wangu hapiki kwa hesabu ya Mungu, mkwe. Anapika kwa sahani."

Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, nikamweleza yote, hata habari ya vyerehani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, futi bado inaning'inia, akasema, "Siku ya hina ni wanawake wa nyumbani, sebuleni, na chai. Ya nyimbo vilevile, tunasogeza makochi tu. Ukumbi nani kakwambia?" Hakuna aliyeniambia, mshauri. Nilisikia siku nne nikaona harusi nne. Naye akakiri kwamba aliposikia kanisa zima linakuja, aliona kumpunguzia mkwe wageni ni kumvunjia heshima, akaenda kuomba mkopo kazini. "Watoto wa watu nawafundisha kujumlisha," akasema, "kumbe mimi najumlisha aibu."

Tulicheka mpaka kopo la pini likamwagika. Tukapatana kwamba siku mbili za mwanzo zitakuwa sebuleni kwake, ndoa na tafrija ziwe siku moja, ukumbi mmoja, tugawane nusu kwa nusu, na waje wenye kadi. Kijana wangu nilipomwambia akashusha pumzi. "Mama, sisi tulitaka hivyo. Tuliwaogopa nyinyi."

Sasa wifi yangu, dada wa marehemu, anasema mwaliko uliotolewa mbele ya madhabahu ni nadhiri, maji yakimwagika hayazoleki, na nikiurudisha nimemdanganya Mungu, afadhali vyerehani viende. Mnunuzi bado sijamwambia kitu. Je, natenda dhambi? Na kufurahi hivi kwa kuwa harusi ya mwanangu imepungua, nayo ni dhambi?

Mimi, Mama Bwana Harusi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Bwana Harusi, pole, na hongera. Kufurahi si dhambi. Uliomba njia ukapewa, sasa unauliza kama unaruhusiwa kupita.

Nadhiri anawekewa Mungu. Wewe uliwaahidi watu chakula ambacho huna, na hilo halikuwa ibada, lilikuwa majivuno yaliyovaa nguo ya shukrani. Kwa hilo tubu, kisha liache. Wifi yako anasema maji hayazoleki. Sawa, lakini bomba linafungwa. Muulize pia yeye atauza nini, maana vyerehani si vyake.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie mnunuzi. Usingoje Jumamosi akukute mlangoni na gari la mizigo, utaona haya umpe. Harusi itapita, na Jumatatu yake utataka kula.

Jumapili simama palepale uliposimama. Sema ulialika kwa furaha iliyozidi uwezo, unaomba radhi, kadi ni chache, na maombi yao wote unayahitaji. Kisha kaa. Usimtaje mkwe wala ukumbi, watu wasije wakasema Wahindi wamewafungia mlango, ilhali aliyeufungua kupita kiasi ni wewe. Watakaonuna watanuna. Wengi watashukuru kimyakimya, maana siku nne za zawadi na nguo za kutokea nao zilikuwa zinawatisha.

Kadi za upande wenu mpe wifi azigawe. Zikimwishia mkononi na watu bado wamesimama mbele yake, hatazungumzia nadhiri tena.

Na mkwe akikuuliza tena wageni wenu wangapi, mwache Mungu apumzike. Hesabu vichwa, umtajie.