Mikono Iliyo Chini ya Sufuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimeingiwa na hofu na nyumbani siwezi kusema. Mimi ni Asenath wa Ngao, Jumamosi nina mashindano ya kuandika programu huko Garsen na mwenzangu Levis, na swali la mazoezi lilisema watu wako matangani, kila mmoja ampe kila mwenzake mkono mara moja, jumla ni mara ngapi, basi nikaandika programu, nimeiambatisha hapa, watu watano ikatoa kumi, sawa kabisa, lakini kwa watu elfu hamsini ikatoa hasi, karibu milioni mia tisa chini ya sufuri! Nikabadilisha jibu kutoka int kuwa long long, aina ya namba inayobeba kubwa zaidi, ikatoka namba ileile, Levis akajaribu kwa kompyuta yake, ileile. Nyanya Kadii akasema watu hawahesabiwi, hao wa chini ya sufuri ni waliotangulia, nimewaita, na wiki hiyohiyo baba akafariki. Matangani waliokaa uani walikuwa kumi na saba ukiniondoa mimi, mimi nikashikwa mkono mara kumi na nane, na ule wa mwisho ulikuwa baridi na umelowa maji. Tangu hapo simpi mtu mkono, hata mama, naye analia kwamba nimemkataa, na Levis nimemwambia atafute mwingine. Je, nimemuua baba?

Asenath, pole sana mwanangu. Hukumuua baba yako, na mtu asikwambie hivyo, hata nyanya, kwa heshima zake zote.

Lakini wewe, mtoto wa Mto Tana, hujui kufurika? Int hubeba bilioni mbili na kidogo tu. Kabla ya kugawa kwa mbili ulizidisha 50,000 kwa 49,999, karibu bilioni mbili na nusu, hesabu ikapita ukingo ikaangukia kwenye hasi. Kupanua jibu peke yake ni kuleta ndoo kubwa maji yakiwa yameshamwagika. Ifanye idadi ya watu yenyewe iwe long long kabla ya kuzidisha, na kila programu ijaribu kwa namba kubwa kabisa kabla ya kuituma. Yako nimeijaribu hapa kama ulivyoiandika, nikapata namba yako ileile, na baba yangu yuko hai anakunywa chai.

Mkono wa kumi na nane siwezi kuueleza. Nimesoma mstari huo mara tatu, nikaenda kufunga mlango. Usimtafute mwenye mkono huo.

Levis mwombe radhi leo, Jumamosi mwende pamoja. Ila kwanza mama. Amefiwa na mume, akanyoosha mkono kwa mwanawe, ukabaki hewani! Acha kompyuta, inuka, kamshike mkono mama yako mlie pamoja.