Jino la Katekista Deo

Jumatatu, 3 Machi

Nimebadilisha pamba ya kisanduku kama kila Jumatatu. Jino liko vilevile, jeusi upande mmoja. Miaka kumi na saba tangu nilitoe kwenye majivu ya kanisa letu kule Kivu, lililochomwa na watu ndani, pale ambapo Deo, mume wangu, alikuwa akisimama kufundisha. Mtoto wetu Furaha alikuwa mgongoni. Leo wamekuja wagonjwa watano kuligusa. Mama mmoja alitaka kulilowesha kwenye maji ayanywe. Nimemfukuza.

Padri anataka liwekwe kwenye altare ya kanisa jipya hapa kambini Nakivale. Wakubwa wake wanadai uthibitisho kwanza: lilinganishwe na mate ya Furaha. Nimekasirika. Nimemwosha mgongo yule mwanamume miaka mingapi, leo maabara ndiyo inijulishe kwake?

Jumatano, 5 Machi

Ng'ombe wa jirani, mzee Rugaza, amezaa. Rugaza ni Mprotestanti, huwa anatucheka na jino letu. Leo ananieleza kwamba baba wa ndama huyu ni fahali aliyekufa zamani. Daktari wa mifugo alileta mbegu yake kwenye mrija. Nimesimama pale zizini kama mjinga. Aliyekufa anazaa. Na redioni walisema kuna nchi wanachukua ngozi ya sikio la ng'ombe, wanatengeneza ng'ombe yuleyule.

Sijamwambia mtu ninachowaza. Namtaka mume wangu. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Mbarara. Padri, Furaha na mimi. Tumeshuka gari mtaa wa Nyamityobora, tukaenda kwa miguu. Mama wa maabara, Mnyankole, amempangusa Furaha ndani ya shavu, kisha akalitoboa jino. Nimefumba macho.

Wenzangu walipotoka nimebaki. Nimemuuliza habari ya mrija na sikio la ng'ombe. Hakucheka. Mbegu ya fahali hutunzwa ikiwa hai, kwenye baridi kali, na hata hiyo haimrudishi fahali, inaleta watoto wake tu. Kumnakili kiumbe kunataka chembe iliyo hai. Halafu akasema:

"Mama, hii jino ilikufa kitambo. Hata kama ingekuwa nzima, wewe utapata mtoto ndogo tu. Sura ni yake, lakini wewe hatakujua."

Yaani ningemlisha Deo uji kwa kijiko, mimi bibi kizee. Aibu.

Jumatano, 7 Mei

Majibu. Jino ni la mwanamume. Si baba wa Furaha.

Walikuwa wanaume kumi na mmoja mle kanisani. Nimeokota la mwingine. Hata wangeweza kulirudishia uhai, wangenizalia mgeni.

Padri, aliyeleta karatasi nyumbani, alingoja Furaha aende bombani. Kisha akauliza polepole: "Mama, uniambie ukweli. Furaha ni mutoto wa Deo?"

Nimeelewa. Nikisema hapana, jino linabaki la Deo. Linaingia altareni. Mume wangu anapata kaburi. Nimefikiria. Naandika ukweli: nimefikiria sana.

"Ni wake," nikamwambia. "Jino ndio si yake."

Jumapili, 11 Mei

Padri ametangaza baada ya misa. Halitawekwa altareni. Minong'ono. Yule mama niliyemfukuza na maji yake anasema jino limeponya watu, haliwezi kudanganya, kwa hiyo mwongo ni mimi. Wengi wamemwamini. Bombani wamemwita Furaha mtoto wa nje, akasikia.

Nawachukia.

Jumanne, 13 Mei

Furaha ameniuliza. Mara moja tu. Nimemjibu: baba yako ni Deo. Amesema sawa, akaendelea kuchambua maharage. Hakuniangalia.

Nilidhani namchagua yeye. Nimekosa vyote viwili.

Jumapili, 18 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Wagonjwa wamekuja tena, saba. Hawanisalimu siku hizi. Nimewafungulia kisanduku, wameligusa, wamesema "Deo utuombee", wameondoka. Sikuwasahihisha. Nimechoka.

Nami nimeligusa, mara ya kwanza tangu majibu. Ni la mume wa mtu. Labda mkewe yuko kambi nyingine, naye ana jino la Deo, analibadilishia pamba. Nimemwombea alitunze vizuri.

Furaha amekula peke yake, nje.