Siku ya Kupumzisha Mikono

Turwa, Tarime
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi miguu, bado imegoma kukubeba? Na usingizi je? Huku Bhoke na watoto ni wazima, wanakusalimu sana. Mimi pia mzima, ila usishangae mwandiko: mikono inatetemeka kama ya mwizi wa kuku aliyekamatwa.

Ndiyo, Mama, nimeanza kunyanyua vyuma. Cheka umalize. Tangu dhahabu itoke, vijana wa machimboni wamefungua jimu nyuma ya duka langu la sururu, na anayefundisha ni Mokami, binti aliyekuwa akiponda mawe ya dhahabu. Yule ni mtu! Ananyanyua chuma kama wewe unavyogeuza ugali, na bado anakuamkia shikamoo akiwa amekishika.

Sasa mwanao, kwa kukaa na wachimbaji, nikadhani mwili ni kama shimo la dhahabu: ukiona dalili hulali, asije mwenzako akakuwahi. Nikawa naingia asubuhi, narudi jioni, kila siku. Mokami akanionya nianze na vyepesi, tena nikinyanyua leo, kesho nipumzike. Nikamjibu kwamba sisi watu wa Ringwani hatujui kupumzika. Wiki haijaisha, tonge likawa halifiki mdomoni. Bhoke akanilisha mbele ya watoto, akisema hajui kama ameolewa au amezaa tena.

Mokami alipokuja kunijulia hali hakunicheka, ingawa nilistahili. Alisema shimo hukua ukichimba, lakini msuli hukua ukilala, na nikirudia atanifungia mlango. Tangu hapo nimetii. Leo ni siku yangu ya kupumzika, ndiyo maana nimepata kuandika.

Mama, nikwambie ukweli. Hapa wanadhani nakimbizana na kitambi. Sivyo. Pasaka nilipotaka kukutoa kitandani nikuweke kwenye kiti, nilishindwa, ukamwita jirani Kisyeri. Ukanitania kwamba baba yako, niliyerithi jina lake, alikuwa akibeba ndama mabegani. Nilicheka na wewe, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikakaa huko hadi macho yakakauka.

Jana Mokami alinipa gunia la mahindi, akanionyesha kutumia miguu, si mgongo. Lilipanda, Mama. Nikalishusha taratibu, kama ninayemweka mtu kitini.

Nisalimie majirani wote. Jumapili nakuja. Uvae gauni lako la kanisani, na ukisikia nabisha hodi, usimwite Kisyeri.

Ni mimi mwanao, unayeniita Baba,
Rubeni