Zabibu, Mbuzi wa Mama

Chumbageni,
Tanga.
9 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Yaarub,

Shikamoo kaka, na assalaam aleikum nyote hapo Maskati, wewe, wifi Rasha na mwanetu Ziyad. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Unaswali umesimama, au bado kwenye kiti? Sisi huku miili mizima, alhamdulillah. Mvua za vuli zimeanza kwa ubahili na joto halisemeki.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nikianza habari za Mama sauti hunikauka, nawe hudhani mtandao umekatika.

Mwezi wa tisa maradhi yake ya kusahau yalizidi. Aliacha kula. Siku moja alitoka bila viatu mpaka dukani kwa jirani yetu Mumtaz, akamuuliza kama pantoni la kuvukia kwenda Mwera limeshaondoka. Mumtaz, Mungu amjazi kheri, hakumcheka. Alimkalisha kitini, akamwambia, "Bado Bibi, subiri kidogo," huku akinipigia simu. Tangu siku hiyo nikawa naufunga mlango wa mbele kwa ufunguo. Kumfungia ndani mzazi wangu, kaka, lilikuwa jambo zito. Naye akaacha kusema kabisa.

Aliyenishauri ni Nesi Semeni, yule anayekuja kumpima presha. Aliniuliza Mama alipokuwa na akili zake alipenda nini. Nikamwambia mifugo, kule shamba Mwera alikuwa hanywi chai kabla hajawaona mbuzi wake. Akasema, "Basi mtafutie mnyama. Wazee wenye maradhi haya, wengine hutulia wakipata kiumbe cha kupapasa na kushughulikia." Nilidhani ananitania. Hata hivyo nilimpigia Uweso anayetutunzia shamba, na kesho yake akaleta kitoto cha mbuzi, jike jeusi, kilichofiwa na mama yake kwenye uzazi.

Laiti ungekuwapo! Mama alikipakata, akakinusa utosini, akasema, "Zabibu." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku kumi na moja.

Basi akawa anamnyonyesha kwa chupa asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi. Zabibu akinyonya, nami namtia Mama kijiko cha uji, anapokea. Hata kuoga alikubali, maana nilimwambia mbuzi hapendi harufu ya jasho. Mlango nikaacha kuufunga, kwa sababu hakuwa tena na haja ya kwenda popote. Tulikaa hivyo wiki tano.

Sasa nikueleze linalonielemea. Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda kuhani mtaa wa pili. Zabibu alikuwa ameshanyonya. Maziwa ya alasiri na ya magharibi niliyaacha kwenye jagi, juu ya meza, mahali Mama anapopafikia. Niliporudi jagi lilikuwa tupu. Alisahau kwamba amemlisha, akamlisha tena, na tena. Nilimkuta Zabibu kalala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma, na Mama bado anamsogezea chupa mdomoni.

"Ana njaa huyu," akaniambia. "Mwanamke gani wewe, humpi mtoto chakula?"

Zabibu alikufa kabla ya magharibi, mapajani mwa Mama. Lile jagi nililiacha mimi, kaka. Sina mwingine wa kumlaumu.

Asubuhi aliuliza Zabibu yuko wapi. Nikamwambia kweli, akalia kilio cha kufiwa. Baada ya chai akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia upya, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Siku ya tatu nikashindwa, nikamdanganya kwamba amekwenda Mwera kucheza na wenzake. Alinitazama sana. Tangu hapo chakula akakisukuma.

Jumanne iliyopita Uweso akaleta mwingine, mweusi vilevile. Mimi sikuona tofauti. Nikasema, "Mama, Zabibu karudi." Kaka, Mama mimi mwanawe hanijui, ananiita Shangazi. Lakini alimshika yule mbuzi masikio, akamgeuza uso, akasema, "Siye huyu. Yule kafa."

Nikamtilia chupa mkononi, akanirudishia.

"Mlishe wewe," akasema. "Mimi nasahau."

Miaka yote hii ya maradhi hajapata kulitamka neno hilo. Siku zote ni sisi tunaomfichia vitu, ni sisi waongo. Nilikaa jamvini ubavuni kwake, tukaishika chupa pamoja, mkono wake juu ya wangu. Mbuzi aliposhiba nikaiondoa, naye hakuidai. Ndivyo tunavyofanya sasa, na maziwa yanakaa kwenye friji yenye kufuli. Uji anakula nusu bakuli. Jina hajampa mbuzi, nami sijamuuliza.

Najua unataka umchukue huko, na kwamba madaktari wapo. Wewe ndiye mkubwa wetu, sikupingi. Ila nakuomba usitume tiketi; njoo mwenyewe kwanza. Huenda uso wako asiujue, na usimshike kwa maswali. Kaa naye uani siku mbili tatu, mlisheni mbuzi, kisha uamue.

Msalimie sana wifi Rasha, nibusie Ziyad, na mpe Ami Yazid shikamoo yangu. Mumtaz na Uweso wanakusalimu. Mama nimemsomea mwanzo wa barua hii. Nilipolitaja jina lako aliinua kichwa, akauliza, "Yaarub kala?" Nikamjibu kwamba umekula, umeshiba.

Mola akuponye goti, akufungulie njia ya kuja na akukutanishe na Mama akiwa hai.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Khuloud