Kitabu cha Rejea

Shangazi, shikamoo.

Kikohozi kimeisha. Riwaya uliyonitumia nimefika sura ya tisa, na kila ukurasa unanionyesha ninapokosea katika ile ninayoandika.

Jumatatu niliwasomea wanafunzi kurasa mbili za riwaya uliyonitumia badala ya kitabu cha kiada. Darasa zima lilitulia. Mkufunzi wa chuo, aliyekuja kunikagua, alikuwa ameketi nyuma.

"Mwalimu, umekuja kufundisha au kupiga soga?"

Akanifelisha. Nikifeli tena, narudia mwaka.

Anarudi Alhamisi. Nimeandaa andalio la somo lenye malengo, hatua na maswali. Kwenye "kitabu cha rejea" nimeandika riwaya hiyo hiyo. Mwenzangu alinishauri, "Andika kwa penseli, dada, usije ukajuta."

Nimeandika kwa wino.

Mwanao, mwalimu mwanafunzi