Gari la Mbio Kwenye Harusi ya Ziada

Shoga, Ziada kashuka garini! Bi harusi, na shela lake, katikati ya Kivinje!

Bwana harusi wake, Likwata, si kaleta gari la mbio la Kijerumani, la gia za mkono. Wazee wanatembea mbele na ngoma. Likienda polepole gia zinagonga ko! ko! ko! mpaka ngoma haisikiki.

Ziada kamuuliza, akajibiwa: "Ndivyo lilivyo. Likikimbia linanyamaza."

Linanyamaza! Eti Likwata akawapigia wazee honi wampishe!

Bibi yake Ziada kageuka: "Babu yangu kwenye Maji Maji hakumkimbia Mjerumani na bunduki zake. Mimi nilikimbie kopo lake?"

Hapo hapo gari likazima. Ziada huyoo, kaifuata ngoma kwa miguu.

Likwata kafika wa mwisho, analisukuma. Na kweli, limenyamaza.